F9 ya duka la leso

"Mwanangu, hii F9 yako yafanya kazi ikipenda."

Simu ya mzee mmoja mwenye duka la leso Barabara ya Biashara, siku ya tatu tangu nimwekee programu ya mauzo. Niliiandika kwa Java Swing, zana za Java za kuunda madirisha na batani, na kitufe cha F9 ndicho cha kutoa risiti.

Nikaenda, nikakaa nyuma ya kaunta nitazame. Programu ikifunguliwa tu, F9 inaitika. Karani akibofya kisanduku cha idadi aandike doti tatu, F9 kimya. Kosa ni langu: nilipachika KeyListener (msikilizaji wa vitufe) kwenye JFrame, dirisha kuu, nayo husikia tu pale chombo chake chenyewe kinaposhika fokasi, yaani kinapokuwa ndicho kinachopokea vitufe. Fokasi ikihamia kisandukuni, dirisha halisikii tena.

Usinifuate nilikopitia baadaye, kupachika msikilizaji kwenye kila kisanduku na kila jedwali. Utasahau kimoja, na hicho ndicho karani atakachoshinda nacho.

Nikarukia KeyEventDispatcher, inayopata kila kitufe kabla hakijafika kwa mwenyewe. Risiti zikatoka mbilimbili! Kubonyeza ni tukio moja, kuachia ni jingine, nami sikuchuja KEY_PRESSED, lile la kubonyeza, peke yake. Karatasi ya risiti hununuliwa, jamani. Tena F9 ikawa inaitika hata dirisha dogo la punguzo likiwa wazi, bei haijakubaliwa.

Kilichonitoa ni hiki: getRootPane().getInputMap(JComponent.WHEN_IN_FOCUSED_WINDOW). InputMap hufunga kitufe na jina, ActionMap hufunga jina na kazi. Popote fokasi ilipo ndani ya dirisha lile, kitufe kinafika. Ninachokipenda zaidi ni kwamba Action ileile, yaani hiyo kazi yenyewe, naipa pia batani ya kwenye skrini. Nikiizima kwa setEnabled(false) wakati hakuna bidhaa iliyoingizwa, batani na F9 vinanyamaza pamoja. Kama una menyu, setAccelerator, inayokipa kipengele cha menyu kitufe chake cha mkato, inatosha.

Ila chombo chenye fokasi ndicho huulizwa kwanza. Nilitaka F2 iwe ya mteja mpya, kumbe JTable, jedwali la Swing, ina F2 yake ya kuanza kuhariri seli. Karani akiwa kwenye jedwali, F2 yangu inamezwa. Sikubishana nayo, nikahamia Ctrl+N. Mzee akaikata F2 kwa kalamu kwenye karatasi aliyobandika kando ya skrini, akaniuliza kama kuna nyingine itakayohama.