Jiko la wati 2,000 linalotoa 1,450: tupige hesabu kabla ya kulirudisha dukani

Swali: Shikamoo fundi. Nauza chai na maandazi hapa Morogoro. Nimenunua jiko la umeme la koili moja, kwenye kibao chake limeandikwa 230 V, 2000 W, lakini chai inachelewa kuchemka. Mdogo wangu anayesomea umeme alikuja na vipimo. Jiko likiwaka, klampu mita inasoma ampea 7.4 na soketi ina volti 196. Likizimwa, volti zinapanda hadi 224. Koili ikiwa baridi na plagi imechomolewa, multimita inasoma ohm 25. Nimegawanya 230 kwa 7.4 nikapata ohm 31, nikazidisha 196 kwa 7.4 nikapata wati 1,450. Je, jiko ni feki? Na ukinzani wa kweli ni upi, 25 au 31?

Jibu: Marahaba dada. Usilirudishe, jiko ni zima. Mdogo wako amepima vizuri, ila kwenye kugawanya umechanganya namba za sehemu mbili tofauti.

Kanuni ni hizo hizo ulizotumia: volti gawanya kwa ampea unapata ohm, volti zidisha kwa ampea unapata wati. Sharti lake ni kwamba volti na ampea zipimwe kwenye kitu kilekile, wakati uleule. Ampea 7.4 zilipita kwenye koili iliyokuwa inapata volti 196. Hizo 230 ni za kwenye kibao, siku hiyo koili haikuzipata. Kwa hiyo 196 gawanya kwa 7.4, unapata ohm 26.5.

Sasa tuone mtengenezaji aliahidi nini. Ukiwa na volti na wati tu, kipeo cha pili cha volti gawanya kwa wati: 230 mara 230 ni 52,900, gawanya kwa 2,000, unapata 26.45. Ndiyo ile ile. Koili uliyouziwa ndiyo iliyoandikwa.

Ile 25 ya multimita nayo si kosa. Waya wa koili ni mchanganyiko wa metali ambao ukinzani wake hupanda kidogo tu ukiwa mwekundu wa moto, na hapa umepanda kama asilimia 6. Shukuru si balbu ya kizamani ya utambi. Taa ya wati 60 ikiwa baridi husoma ohm 60 au 70 hivi, ikiwaka inafika karibu 880. Nimeona vijana wakipima taa baridi, wakapiga hesabu, wakatangaza kwamba itavuta ampea zaidi ya 3!

Kwa nini basi wati zimepungua hivyo? Volti zimeshuka kwa asilimia 15, lakini wati zimeshuka kwa asilimia 27, kwa sababu volti zikipungua na ampea nazo zinapungua, na wewe unazizidisha hizo mbili. Lita 2 za maji ya nyuzi 25, ukiacha joto linalopotea pembeni, kwa wati 2,000 zingechemka kwa dakika 5 na kidogo. Kwa 1,450 ni dakika 7 na kidogo. Hapo ndipo chai yako inapochelewa.

Ila kinachonisumbua mimi ni ile 224 inayoanguka hadi 196 mara jiko likiwashwa. Volti 28 zinapotelea njiani. Gawanya kwa 7.4: njia ya umeme hadi kwenye soketi ina ukinzani wa karibu ohm 3.8. Zidisha 28 kwa 7.4: wati 207 zinageuka joto mahali usipopaona. Na ile 31 yako, kwa bahati, inakaribia jumla ya jiko na njia yake.

Waya peke yake hauwezi kula kiasi hicho. Waya wa shaba wa milimita mraba 1.5, mita 20 kwenda na 20 kurudi, una ukinzani wa nusu ohm hivi, ungepoteza volti 3 au 4. Nashuku maungio: skrubu iliyolegea kwenye soketi, nyutro iliyosokotwa na kufungwa utepe tu, au ekstensheni nyembamba. Shika plagi baada ya jiko kuwaka robo saa. Ikiwa ya moto, au soketi imebadilika rangi kuwa kahawia, acha kuitumia leo leo.

Mdogo wako apime tena jiko likiwa linawaka, safari hii kwenye meni swichi. Akikuta volti 220 hivi, tatizo liko ndani ya nyumba, na hizo wati 207 zinakatwa kwenye LUKU yako: ukipika saa 3 kwa siku, ni zaidi ya yuniti 18 kwa mwezi. Tafuta fundi mwenye leseni, azime meni swichi kabla ya kufungua chochote. Akikuta karibu 198, tatizo liko upande wa nje, waite TANESCO, msiguse wenyewe.

Na mkumbushe: klampu mita inakamata waya mmoja tu, wa moto au nyutro. Ukiibana kebo nzima, mkondo wa kwenda na wa kurudi unafutana, mita inasoma sifuri. Pia njia hii ya kuzidisha volti na ampea inatosha kwa jiko, pasi na hita. Kwa friji au pampu ya maji utapata namba kubwa kuliko wati halisi, kwa sababu ya mota.

Maungio yakishatengenezwa, pima upya. Soketi ikisoma 222 jiko likiwaka, klampu inatakiwa ionyeshe ampea 8.4, yaani wati 1,860 hivi.