Nextdoor, Craigslist, Marketplace au OfferUp? Jibu la mkazi wa Kent

Ndugu mleta mada,

Umeeleza kwamba umehamia Kent, kusini mwa Seattle, pamoja na mke na mtoto mchanga, nyumba haina hata kiti, na jirani amekushauri utumie mtandao wa majirani wa Nextdoor peke yake kwa kuwa ni ya watu wa mtaani na haina matapeli. Mimi nimekaa upande huu kwa miaka sita, nimehama nyumba mara tatu, na ukiondoa magodoro, samani zetu karibu zote zimepitia katika mitandao hii ya matangazo madogo madogo. Jirani yako amekuambia kweli, ila ameikata nusu. Nextdoor ni pazuri pa kununulia, lakini ukitaka kuuza kitu na pesa ikafika mkononi kabla ya mwisho wa mwezi, itakubidi utoke nje ya mtaa.

Nextdoor ilizinduliwa mwaka 2011 huko San Francisco, na kinachoitofautisha na wenzake ni kwamba haikupokei mpaka uthibitishe anwani ya nyumba unayoishi. Zamani njia iliyozoeleka ilikuwa postikadi iliyoletwa nyumbani ikiwa na namba ya kuingilia. Siku hizi zipo njia za haraka zaidi. Vilevile inataka jina lako halisi. Kwa hiyo anayetangaza kabati lake hapo anafahamika jina na mtaa, na tangazo lenyewe linaonekana kwa watu wa mtaa huo na mitaa inayopakana nao. Usalama wake na udogo wa soko lake vinatoka mahali pamoja, na huwezi kupata kimoja ukakiacha kingine.

Nikupe mfano. Meza yetu ya chakula na viti vyake sita nilivinunua hapo kwa dola 60, kwa mama mmoja mzee anayekaa mitaa miwili kutoka kwetu. Nilipofika nilikuta ameshaifungua miguu na kuiegemeza ukutani gereji, bolti zote zimo ndani ya bahasha iliyobandikwa kwa tepu chini ya meza pamoja na spana yake ndogo, na juu ya bahasha ameandika kwamba mguu wenye alama ya X ukazwe mwisho, la sivyo meza itacheza. Kwa mgeni atakayepotelea mjini asingejisumbua hivyo. Alijua kwamba wiki ijayo tutakutana Fred Meyer kwenye foleni ya kulipa, na kweli tulikutana, akauliza kama ule mguu umetulia.

Nextdoor ndipo pia utakapopata fundi bomba, mlezi wa mtoto au mtu wa kukata majani, kwa sababu majirani waliokwisha kumtumia humtaja kwa jina na kusema alichowatoza. Katika hilo sijaona mtandao mwingine unaoifikia.

Neno moja la pembeni, kwa kuwa sisi ni watu weusi na tunaingia katika mitaa ambayo hatujulikani. Mwaka 2015 wakazi wa Oakland, California, walilalamika kwamba sehemu ya kuripoti uhalifu katika Nextdoor ilikuwa ikijaa taarifa za mtu mweusi anayetembea tu barabarani, na mwaka 2016 kampuni ikaibadilisha fomu hiyo ili mwandishi asiweze kutaja rangi ya mtu bila kueleza mengine. Fomu ilibadilika, watu hubadilika polepole zaidi. Kwa hiyo nendeni kuchukua vitu mchana, na mtume ujumbe mkiwa bado ndani ya gari kwamba mmefika.

Sasa tuje kwa washindani. Craigslist ndiyo mkongwe wao: Craig Newmark aliianza mwaka 1995 kama orodha ya barua pepe ya kuwajulisha marafiki zake shughuli za San Francisco, na sura yake ya leo haijaachana sana na ile ya miaka ya mwanzo. Kutangaza vitu vya nyumbani ni bure. Gari la mtu binafsi linalipiwa dola 5 tangu mwaka 2019. Hakuna nyota za kumpima muuzaji wala njia ya kumtambua, na anwani za barua pepe hufichwa kwa pande zote mbili. Ungedhani basi haifai, lakini mimi bado naifungua kila ninapotafuta zana za ufundi au gari kuukuu, kwa sababu wazee wengi wa jimbo letu la Washington wasiotaka kusikia habari za Facebook wamo humo, na kwa sababu ukitafuta randa unaletewa randa, kuanzia tangazo la karibuni kurudi nyuma, bila mashine kukuamulia unachopaswa kukipenda.

Marketplace ya Facebook, iliyoanza mwaka 2016, ndiyo yenye watu wengi, na kwa kuuza haina mpinzani. Kochi letu la zamani niliweka picha zake Jumamosi asubuhi, na kabla ya adhuhuri lilikuwa limekwishabebwa juu ya pikapu. Ujue tu kwamba kitufe cha kuuliza kama kitu bado kipo kimewekwa tayari, hivyo wengi hukibonyeza bila nia yoyote ya kununua. Mimi huwajibu wote kwa sentensi moja yenye bei, saa na jina la barabara, na anayerudi na jibu ndiye mnunuzi. Ukiwa wewe ndiye mnunuzi, fungua ukurasa wa muuzaji uone alijiunga mwaka gani. Akaunti ya wiki mbili inayouza simu mpya kwa nusu bei haihitaji mjadala. Mnapokabidhiana ana kwa ana hakuna makato, ila ukiuza kwa kusafirisha kampuni huchukua sehemu yake.

OfferUp ni ya hapa hapa kwetu, ilizaliwa Bellevue mwaka 2011 na kuungana na mshindani wake letgo mwaka 2020. Wauzaji wana nyota, wanaweza kuthibitisha kitambulisho, na programu yenyewe hukuonyesha mahali palipopendekezwa pa kukutania, pengi pakiwa vituo vya polisi vyenye mwanga na kamera. Kwa simu, kompyuta na vifaa vya michezo mimi huanzia huko.

Kuhusu matapeli, nitakwambia lililonipata mimi bila kutaja ni mtandao upi, kwa kuwa lingeweza kunipata katika wowote. Nilitangaza friji, akatokea mnunuzi mwenye adabu nyingi, akasema amewahi kutapeliwa na angependa kuhakikisha kwamba mimi ni mtu wa kweli, basi amenitumia namba ya tarakimu sita kwenye simu, nimsomee. Nilikuwa nimekwishaandika tarakimu nne niliposoma vizuri ule ujumbe wenyewe, ambao ulisema wazi kwamba namba hiyo asipewe mtu mwingine yeyote. Alikuwa anafungua akaunti ya simu ya intaneti kwa namba yangu, ili atapeli wengine akiwa amevaa jina langu. Tangu siku hiyo kanuni zangu ni fupi: namba ya uthibitisho haisomwi kwa mtu, hundi siipokei, na Zelle, njia ya kutumiana pesa kutoka benki hadi benki, naipokea tu nikiwa nimeiona pesa ndani ya programu ya benki yangu, si katika barua pepe. Na wewe unayelipa, kumbuka kwamba pesa ya Zelle ikishatoka ni vigumu sana kuirudisha.

Kwa nyumba za kupanga ongeza tahadhari maradufu. Matapeli huchukua picha za tangazo halali, hushusha kodi, kisha husema wako safarini na funguo zitatumwa kwa posta ukilipa amana. Asiyeweza kukufungulia mlango usimlipe hata senti.

Usisahau vya bure. Utaratibu wa Buy Nothing, wa majirani kupeana vitu bure, ulianzia mwaka 2013 katika kisiwa cha Bainbridge, hapo ng'ambo ya maji kutoka Seattle, na makundi yake yamejaa nguo za watoto zilizovaliwa mara mbili. Mwezi Juni, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Washington wanapoondoka, nenda na gari kubwa. Kundi letu la WhatsApp la Waswahili nalo lina vitu, lakini humo sipatani bei. Ukitajiwa dola 80 na mtu aliyekuja na sufuria ya pilau ulipofiwa, unalipa 80.

Kwa vile mna mtoto, viwili hivi vitazameni kwa macho mawili. Kitanda cha mtoto chenye ubavu unaoshuka kimepigwa marufuku kuuzwa Marekani tangu mwaka 2011, lakini bado hujitokeza kwenye matangazo, wakati mwingine kwa nia njema kabisa ya bibi anayesafisha stoo. Kiti cha gari cha mtoto kina tarehe ya mwisho ya matumizi iliyochapwa kwenye plastiki, kwa kawaida chini au nyuma, na kiti kilichowahi kuwamo katika ajali hakifai tena. Kwa kuwa hutajua historia yake, hicho kinunueni kipya dukani. Kabla ya kulipia kabati au meza yoyote, linganisheni na bei ya duka la samani la IKEA lililoko Renton, maana nimewahi kuona kabati kuukuu likiuzwa kwa dola 10 tu pungufu ya jipya.

Mwisho, ikiwa utanunua gari kwa njia hii, hakikisha jina lililo kwenye hati ya umiliki ni la huyo anayekuuzia, saini iwekwe mbele yako, na ulihamishe kwa jina lako ndani ya siku 15. Siku utakapoliuza, toa taarifa ya mauzo kwa idara ya leseni ya jimbo ndani ya siku 5 za kazi, la sivyo tozo za daraja na faini za maegesho za mwenye gari mpya zitaendelea kuletwa mlangoni kwako.