Pengo la Mshahara Lipime Mkononi, Si Kwenye Karatasi

Kabla hujaikataa kazi unayoipenda kwa sababu ya pesa, piga hesabu. Pengo linalokutisha huwa dogo kuliko lilivyoandikwa.

Chukua kazi mbili za sekta binafsi hapa Uganda. Unayoipenda inalipa shilingi milioni 1 kwa mwezi, nyingine milioni 1.5. Kwa viwango vya PAYE, yaani kodi ya mshahara, vilivyoanza 2012, kinachozidi 410,000 hukatwa asilimia 30, cha chini yake hukatwa kidogo, na NSSF, mfuko wa akiba ya uzeeni, huchukua asilimia 5 ya mshahara wote. Wa milioni 1 hubaki na 748,000, wa milioni 1.5 na 1,073,000. Zile laki tano zimekuwa 325,000. Tena kama kazi ya pesa iko Kampala na unayoipenda iko Mbale ulikozaliwa, toa kodi ya nyumba na bodaboda ya kila asubuhi, uone kinachosalia.

Lakini usijidanganye upande wa pili. Mwajiri naye huongeza asilimia 10 kwenye NSSF, kwa hiyo, pamoja na asilimia 5 yako, mshahara mkubwa hukuwekea akiba ya 75,000 zaidi kila mwezi. Hasara kubwa iko kwa mwajiri mdogo anayekulipa mkononi bila kuchangia chochote. Tangu 2022 sheria inamtaka kila mwajiri achangie, hata mwenye mfanyakazi mmoja. Uliza kabla ya kutia sahihi, kisha baada ya miezi miwili angalia mwenyewe taarifa ya akaunti yako ya NSSF.

Mapenzi nayo yapimwe. Wengi wanaosema wanapenda ualimu wanapenda kusimama mbele ya darasa, na kumbe sehemu kubwa ya kazi ni kusahihisha madaftari usiku. Omba kushinda wiki nzima na mtu aliyezoea kazi hiyo, na kila jioni andika ni saa zipi zilikuchosha.

Wala usichague masomo kwa kufuata mshahara wa leo. Mwaka 2022 serikali iliwapandisha walimu wa sayansi wenye shahada hadi milioni 4; wa sanaa waliachwa nyuma, wakagoma. Waliochagua masomo miaka kumi kabla hawakuwa na njia ya kuyajua hayo.

Kinachowafunga watu hasa ni mkopo wa mshahara. Mtu anaajiriwa, mwaka haujaisha ameshakopa kununua kiwanja, na benki inakata kila mwezi kwa miaka. Kazi anayoitamani inapotokea, hawezi kuondoka. Kaa mwaka mzima bila mkopo huo. Na ukiamua kuhama, weka kwanza matumizi ya miezi minne: karo hulipwa mihula mitatu kwa mwaka, na huenda muhula mmoja ukakukuta humo.