Kabla hujakariri njia za kutengeneza chumvi

Mada ya chumvi kwenye kemia ilinitoa machozi nikiwa kidato cha tatu. Kwenye jaribio tuliulizwa jinsi ya kutengeneza salfeti ya risasi. Nikaandika kwa kujiamini: chukua kipande cha risasi, kitie kwenye asidi ya salfuriki iliyozimuliwa, chuja, kausha. Nikapata sifuri. Alama nyekundu ya kosa, hakuna maelezo. Nilikuwa nimekariri kwamba metali na asidi hutoa chumvi na haidrojeni, na kwa kanuni ile jibu langu lilionekana halina kasoro. Mwalimu alisema tu, "Rudi kasome." Nilirudi nikasoma yaleyale, nikayakariri vizuri zaidi.

Leo ninafundisha kemia jioni kwa vijana wa mtaani kwetu, na kila mwaka naona wanafunzi wenye akili wakianguka palepale nilipoangukia. Wanajua njia zote tano au sita kama wanavyojua majina ya ndugu zao, lakini ukiwatajia chumvi moja hawajui washike njia ipi. Naandika haya kwa ajili yao.

Kosa langu lilikuwa kudhani kwamba kazi ni kuipata chumvi. Kuipata ni rahisi: asidi ikikutana na besi, yaani kitu kinachoizima asidi, chumvi ipo. Kazi ni kuitoa kwenye bika ikiwa peke yake, bila asidi iliyobaki, bila unga uliozidi, bila uchafu wa chumvi nyingine. Njia zote mnazofundishwa ni majibu ya swali hilo moja: nitaitengaje?

Kwa hiyo swali la kwanza, kabla hujagusa kalamu, ni hili: chumvi hii inayeyuka kwenye maji au haiyeyuki? Hapo huna njia ya mkato, lazima ujue kanuni za uyeyukaji kichwani. Naitreti zote huyeyuka. Chumvi zote za sodiamu, potasiamu na amonia huyeyuka. Kloridi huyeyuka isipokuwa ya fedha na ya risasi. Salfeti huyeyuka isipokuwa ya bariamu na ya risasi, na ile ya kalsiamu huyeyuka kidogo sana. Kabonati haziyeyuki, ukiacha za sodiamu, potasiamu na amonia. Hayo ndiyo ya kukariri. Ukiwa nayo, mengine yatajileta.

Sasa rudi kwenye salfeti yangu ya risasi. Haiyeyuki. Ukitumbukiza risasi kwenye asidi ya salfuriki, chumvi inaanza kutokea juu ya metali yenyewe, na kwa kuwa haiyeyuki inabaki palepale kama koti. Asidi haifiki tena ndani. Jambo hilohilo humpata anayetia marumaru, lile jiwe la kabonati ya kalsiamu, kwenye asidi ya salfuriki: mapovu yanatoka kwa muda mfupi, kisha kimya, na marumaru bado ipo. Mwanafunzi anadhani asidi imekwisha, kumbe marumaru imefunikwa.

Chumvi isiyoyeyuka unaitengeneza kwa kuchanganya miyeyusho miwili, na hapa nina ushauri ambao haujawahi kumwangusha mwanafunzi wangu hata mmoja: chukua naitreti ya metali unayoitaka, na chumvi ya sodiamu yenye ile nusu nyingine ya chumvi unayoitaka, mfano salfeti. Naitreti zote huyeyuka, chumvi za sodiamu zote huyeyuka, kwa hiyo huwezi kukosa. Naitreti ya risasi na salfeti ya sodiamu: changanya, mashapo meupe yanatua, chuja, yasuuze kwa maji safi, yakaushe. Usisahau kusuuza, maana bila hivyo mashapo yatakuwa yamebeba naitreti ya sodiamu. Na chumvi za risasi ni sumu, nawa mikono.

Kama chumvi inayeyuka, swali linageuka: nitajuaje asidi imekwisha? Hapa ndipo mrututu unapofundisha kuliko kitabu chochote. Mrututu, ile salfeti ya shaba ya buluu ambayo wakulima wanaijua kwenye dawa za mimea, huwezi kuupata kwa kutia shaba kwenye asidi ya salfuriki iliyozimuliwa, kwa sababu shaba haiwezi kuisukuma haidrojeni itoke. Unatumia oksidi ya shaba, ule unga mweusi. Pasha moto asidi kama sentimita za ujazo 25, iwe moto bila kuchemka, kisha tia unga kidogokidogo huku unakoroga. Unga wa kwanza unapotea mbele ya macho yako na maji yanaanza kuwa buluu. Tia tena. Unapotea. Inafika wakati unatia, unakoroga, unakoroga, na weusi unabaki chini. Hapo asidi imekwisha. Unga uliozidi si hasara: ndio shahidi wako, na kwa kuwa hauyeyuki, karatasi ya kuchujia itaubakisha juu na kukupa maji ya buluu safi chini. Nilipoliona hilo kwa macho yangu, maneno "hadi izidi" niliyoyakariri mwaka mzima yalipata maana siku moja.

Baada ya hapo watu wengi huharibu, na mimi niliharibu. Niliyapasha yale maji ya buluu hadi yakakauka kabisa kwenye sahani, nikapata unga mweupe mweupe. Nilidhani nimekosea kemikali. Kumbe fuwele za mrututu zina maji ndani yake: kwenye gramu 249.5 za mrututu, gramu 90 ni maji. Ukiyafukuza, umefukuza na fuwele na rangi. Pasha hadi myeyusho upungue, kisha chovya kijiti cha kioo, kitoe, kiangalie. Kikipoa na fuwele ndogo zikaonekana juu yake, zima moto. Acha sahani ipoe yenyewe hadi kesho. Kadiri inavyopoa taratibu ndivyo fuwele zinavyokuwa kubwa. Zikamulie maji kati ya karatasi mbili za kuchujia, basi.

Mjomba wangu alifanya kazi kwenye majaruba ya chumvi pwani, na hajasoma kemia hata ya siku moja, lakini hakuwahi kusubiri jaruba likauke. Chumvi ikishatua, wanakusanya na maji yaliyobaki wanayamwaga, kwa sababu ni machungu. Uchungu ule ni wa chumvi za magnesiamu, ambazo ukiziacha zinaifanya chumvi ya mezani ivute unyevu na kulowa. Na kwenye sahani yako ni hivyohivyo: ukikausha hadi mwisho, kila uchafu uliokuwa ndani unabaki na chumvi yako.

Zinabaki chumvi za sodiamu, potasiamu na amonia. Hizi haziwezi kufuata njia ya mrututu, na ukielewa kwa nini, umeielewa titresheni, yaani kudondosha asidi hadi itoshane na besi. Besi yake nayo huyeyuka. Ukiizidisha huioni chini ya bika, na chujio haliwezi kuizuia. Hakuna shahidi. Kwa hiyo tunaazima shahidi mwingine, kiashiria, ambacho hubadili rangi besi inapokwisha. Pima hidroksidi ya sodiamu kwa pipeti (mrija wa kupimia ujazo), tia matone mawili ya kiashiria cha methili oranji, dondosha asidi kutoka kwenye bureti (mrija mrefu wenye alama na bomba chini) hadi rangi igeuke, andika ujazo. Kisha mwaga. Anza upya kwa ujazo uleule bila kiashiria, ndipo ukaushe. Wengi wanakausha ule wenye rangi, na kwenye mtihani sentensi ya "rudia bila kiashiria" ina alama yake.

Kuna pia kloridi kavu ya feri (chuma) ya tatu, inayotengenezwa kwa kupitisha gesi ya klorini kavu juu ya feri ya moto. Soma, ila usiipe usiku mzima.

Jambo la lugha. Mtihani wa taifa utaujibu kwa Kiingereza, lakini usianzie huko. Jieleze kwanza kwa Kiswahili, kwa sauti, kama unamwelekeza mdogo wako: inayeyuka? nitajuaje asidi imekwisha? nitaitengaje? Ukishindwa kueleza kwa Kiswahili, Kiingereza chako kitakuwa cha kukariri.

Na kama shule yenu haina maabara, usikae. Osha maganda ya mayai, yaponde, yatie kwenye siki ya dukani, mengi kuliko unavyodhani yanahitajika. Yaache siku mbili. Mapovu yakikoma na maganda bado yapo, chuja kwa kitambaa, weka maji yake kwenye sahani juani, usile kitakachobaki. Halafu chukua daftari uandike kilichobaki kwenye kitambaa ni nini, kilichobaki kwenye sahani ni nini, na kwa nini nilikuambia maganda yawe mengi.