Kompyuta iliyoweza kuibwa

SWALI: Mwalimu, salamu kutoka Kondele, Kisumu. Nina duka la vipuri vya pikipiki hapa na tawi dogo Busia. Kijana wangu anataka tuache daftari, hesabu zote ziende "kwenye klaudi". Kwa Kiswahili niseme klaudi, wingu au mbingu? Kampuni inayouza huduma hiyo imetuletea barua, nami nakunakilia kipande: "Kompyuta ya mteja wetu iliweza kuibwa lakini aliweza kupata rekodi zake zote." Inafaa kuwaamini?

JIBU: Mama, sema wingu, yaani kompyuta za mbali unazozitumia kupitia intaneti. Wahandisi wa mitandao walizoea kuchora wingu pale penye mitambo ambayo haikuwa lazima kuonyesha imeungwaje ndani, na jina likaganda. Ni wingu letu, si "wingu yetu", na hesabu ziko winguni. Mbinguni usizipeleke, hata kama maneno haya ni ya ukoo mmoja (hapo kale umoja wa mbingu ulikuwa uwingu). Mkaguzi wa kodi akizitaka, utamwambia angoje kiyama?

Hilo limekwisha. Sasa hii barua.

Kompyuta iliweza kuibwa! Naiona pale mezani, nyuma ya makasha ya plagi na cheni. Miezi mingi imetamani kuibwa, haikujaliwa. Ilijaribu saa ya chakula cha mchana, mlinzi akarudi mapema. Ikajaribu stima ilipopotea, jenereta ya jirani ikawaka. Haikukata tamaa. Mpaka usiku mmoja wa mvua, radi zikinguruma ziwani, mlango ukavunjwa na juhudi zake zikazaa matunda: imeweza! Tuichinjie kuku?

Kuweza ni kuwa na nguvu au nafasi ya kutenda jambo. Mzee wa Mombasa akikuambia "siwezi" akanyamaza, mpe pole, anaumwa. Neno lina uzito huo. Huku kwetu bara limegeuka maji ya kuongezea mchuzi. Mtangazaji anatuambia abiria wawili "waliweza kujeruhiwa". Mwenyekiti wa chama "angependa kuweza kuwashukuru" wageni, na wageni wanangoja waone kama ataweza. Mwanafunzi wangu aliwahi kuniandikia kwamba kakake "aliweza kuanguka mtihani". Nikamtumia kakake pongezi. Wapo wanaolitetea kwamba linaongeza adabu. Adabu gani hiyo, kumsifu marehemu kwa kuweza kufa?

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba nusu ya pili ya sentensi yao ni safi kabisa. Yule mteja aliweza kupata rekodi zake, naam, kwa sababu hazikuwa ndani ya kile chuma kilichobebwa usiku. Zilikuwa kwenye seva za mbali, yaani kompyuta za kuhifadhi na kuhudumia data za wengi, katika jumba lenye umeme wa akiba, na kwa kawaida nakala huwa zaidi ya moja. Asubuhi akafungua kwa simu, akaweka nenosiri, akaendelea kuuza. Hapo kitenzi kimekula jasho lake.

Na wewe, mama, utaweza kukaa Kondele ukaona kwamba Busia wamebakiwa na tairi mbili. Utaweza kuongeza huduma Desemba biashara ikichangamka na kuipunguza Januari, maana unalipia unachotumia, hununui seva ya kukaa ikila vumbi. Biashara hii ya kupangisha kompyuta si ya juzi. Amazon, kampuni ya Marekani, imekuwa ikiuza hifadhi na nguvu za kompyuta tangu 2006. Ila intaneti ikikatika huenda usiweze kitu, kwa hiyo daftari usiliwashie jiko bado. Majina na nambari za simu za wateja wako nazo ni jukumu lako kwa Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, hata zikilala kwenye mashine ya mtu mwingine.

Kuhusu kuwaamini: waulize nakala zinawekwa wapi, na siku ukihama utaondokaje na hesabu zako. Wakijibu vizuri, chukua huduma. Barua yao nimeisahihisha kwa wino mwekundu, uwarudishie: "Kompyuta ya mteja wetu iliibwa." Mwizi hakuhitaji kitenzi cha kumsaidia kubeba.