Kuhusu lile swali lako la Kampala

Mwanangu, meseji yako ya juzi nimeisoma mara tatu nikiwa kibandani, ile uliyouliza "baba nina miaka 27, niache kazi ya kaunta benki nikasomee uchoraji wa vitabu Makerere au nshachelewa, na mbona Gado hakuanzia chuo cha sanaa?" Nikasema hili silijibu kwa simu maana mama yako atanipokonya.

Kuchelewa hujachelewa. Huyo Gado mchora katuni ni kweli alikuwa chuo cha Ardhi pale Dar anasomea usanifu majengo, akaacha, akaenda Nairobi kuchora gazeti la Nation mwaka 1992, hilo kila mtu analisimulia. Wasilosimulia ni kwamba baadaye, jina analo na mshahara anao, akaenda tena kukaa darasani Vancouver kule Kanada kusoma animesheni, yani michoro inayotembea. We jiulize alifuata nini.

Mi ntakwambia nilichokosa. Si unakijua kile kitabu cha fisi na sungura nilichochora ukiwa la pili? Kichukue ukitazame vizuri, watu wote mle ndani mikono haionekani, mmoja kaitia mfukoni, bibi kaificha ndani ya kanga, mwalimu kaipeleka mgongoni. Watu wakasifia eti ndo staili yangu, kumbe sijui kuchora vidole. Nimeandika vibao vya maduka na kupaka rangi daladala hapa Tanga miaka na miaka, herufi nazipatia kwa jicho tu bila rula, ila mkono unaomenya chungwa ulinishinda na hakuwepo mtu wa kunikalisha chini aniambie rudia. Chuo ndo hicho. Analetwa mtu anakaa mbele yenu masaa, mnachora, mnabandika ukutani, wenzio wanakuchambua mpaka unataka kulia, kesho tena.

Na ile shule ya sanaa ya Makerere si ya jana, mama mmoja Mwingereza, Margaret Trowell, aliianzia barazani kwake mwaka 1937, na mchoraji Sam Ntiro wetu wa Machame alipita pale kabla ya kwenda chuo cha sanaa cha Slade kule London (uhuru ulipopatikana akawa balozi wetu huko huko, kwa hiyo mama yako akianza na "mchoraji atakula nini" we mtajie huyo).

Ila usiende ukidhani kuchora kitabu ni kujua kuchora tu. Maneno yanasema Asha alikwenda sokoni, na we ukichora Asha anakwenda sokoni umerudia kilichoandikwa, mtoto anataka kuona ambacho maneno hayajasema, labda ndala moja imekatika kamba na mbuzi kaitafuna. Halafu Asha wa ukurasa wa 2 awe yule yule wa ukurasa wa 15, kichwa kile kile, gauni lile lile, na uache sehemu ya maandishi. Mi nilisahau kuacha sehemu, wakayabandika maneno usoni kwa sungura, mpaka leo nikikiona naona aibu.

Hela nilipewa mara moja, nikasaini karatasi bila kuisoma, kitabu kikachapwa tena na tena na sijaona hata mia. Sheria ya hakimiliki tuliyonayo ni ya 1999, mi sina habari! Kwa hiyo huko waulize na hayo ya mikataba, yani hata wakikucheka we uliza.

Kazi usiache kesho, malizia kwanza ule mkopo. Ada ikipelea kuna kile kiwanja cha Pongwe, ila usimwambie mama yako, bado sijaongea nae.

Jumamosi njoo. Hiyo tableti iache, beba penseli 2B na karatasi za kawaida, mama yako atakuwa anachambua mchicha uwani, mchore mikono yake tu, uso achana nao. Na mi niletee penseli moja.