Kiwanja na kamera

Mwanangu Zuhura,

Salamu zako zimefika, na mama yako anakusalimu sana. Ule ujumbe wa sauti niliusikiliza mara tatu, mara ya mwisho nikiwa nje kwenye mwembe ili mama yako asisikie. Unaniomba ruhusa uuze kiwanja cha hapa Busia ununue kamera, kwa sababu huko Kampala, unasema, asiye na kamera hahesabiwi kuwa mtengeneza filamu.

Kiwanja usiuze. Ila najua kwa umri wako "hapana" tupu ya baba haitoshi, kwa hiyo nisikilize.

Unakikumbuka kibanda changu cha video? Mabenchi kumi na mawili, televisheni moja, jenereta ya kukodi, shilingi 200 mlangoni na 500 siku ya mpira. Kwa miaka mingi nilikaa pale mlangoni, mgongo kwa skrini na uso kwa watu. Sinema zenyewe sikuziona sana, nyuso za watazamaji ndizo nilizozisoma. Picha ilipojaa chenga au kufifia mpaka huwezi kumtofautisha adui na mwenyeji, hakuna aliyeinuka. Lakini spika ikikoroma dakika mbili tu: "Mzee, rudisha pesa zetu!" Na VJ, yule msimulizi wa sinema, akiwa hodari, anatafsiri kwa Kiluganda huku anaongeza chumvi yake, watu walikaa mpaka mwisho hata kama sinema ni ya Kichina na haina kichwa wala miguu. Wakati ule niliona ni kelele za vijana tu; leo najua picha mbaya watu huivumilia, sauti mbaya hapana.

Kwa hiyo kamera kodi kwa siku, au tumia hiyo simu yako. Picha yake ni safi kuliko nyingi tulizokuwa tunaonyesha. Pesa kidogo uliyonayo nunua maikrofoni ya kubana kwenye kola. Na mvua ikianza kupiga mabati, simamisha kazi unywe chai, maana sauti ile hutaiondoa baadaye.

Umenitajia Isaac Nabwana, yule mtengeneza filamu wa mtaa wa Wakaliga hapo Kampala. Vizuri. Alikuwa mfyatua matofali, kompyuta zake aliziunganisha mwenyewe, bunduki za filamu zikachongwa kwa vyuma chakavu. Filamu yake ya 2010 inasemwa iligharimu chini ya dola 200, na kionjo chake YouTube kikamfanya ajulikane duniani. Lakini tazama alichokuwa nacho: mtaa mzima. Majirani waliigiza, wakashona mavazi, wakabeba vitu, wakazunguka kuuza diski. Wewe huko unakokaa, je, jirani wa mlango wa pili unamjua jina? Tena jambo moja linaniuma kila nikilifikiria: nakala ya asili ya filamu ile haipo tena. Kompyuta ilijaa, ikafutwa kupisha kazi iliyofuata, ikabaki ile yenye sauti ya VJ juu yake. Kila kazi yako iweke mahali pawili, na mahali pamojawapo pasiwe chumbani kwako.

Sasa nikuambie lililonijia usiku. Umesoma uhasibu miaka mitatu na unauonea haya. Kila kijana huko anataka kuwa mwongozaji. Anayetaka kushika risiti za mafuta, chakula na posho za waigizaji ni nani? Mira Nair, yule mwongozaji aliyeanzisha mafunzo ya filamu ya Maisha Film Lab hapo Kampala mwaka 2004, alipokuja mtaa wa Katwe na filamu ya Disney iliyotoka 2016, pesa za namna ile haziendi bila watu wa kuzihesabu. Ingia kwa mlango huo. Ukiwa ndani, uliza kila taa imewekwa pale kwa nini. Mafunzo ya Maisha nayo yafuatilie, na tamasha la filamu la UCC, Tume ya Mawasiliano ya Uganda, lile lililoanza 2013, lifanye kuwa tarehe yako ya kumaliza kazi. Wewe bila tarehe humalizi kitu, nakujua.

Na karatasi! Kuna watu walikuja kupiga filamu kibandani kwangu siku mbili. Walitumia jenereta yangu, wakavunja benchi, wakaniahidi fungu langu filamu ikiuzwa. Siwataji. Sikuandikiana nao hata mstari, na nilipopiga simu ikawa haipatikani. Hata rafiki yako wa chuo akiigiza bure, andikeni kwamba ni bure, mtie sahihi. Muziki wa mtu usiuguse bila kibali chake cha maandishi. Sheria ya hakimiliki ya 2006 ipo, lakini hakimu atakuuliza karatasi iko wapi.

Kuhusu kisa cha filamu yako, kile cha genge la Miami sikukipenda. Shangazi yako amevusha mahindi kwenye mpaka huu wa Kenya na Uganda tangu hujazaliwa, na anavyobishana na wale askari wa kizuizi kwa Kiswahili, Kisamia na Kiluganda kwa pumzi moja hakuna mwandishi anayeweza kubuni. Mpige filamu ya dakika kumi tu. Nimeshamuuliza, amekubali, ila anataka kujua atavaa nini.

Njoo baada ya Idi. Maikrofoni nitashika mimi, mama yako atasonga ugali wa watu wote. Niambie mapema inatumia betri za aina gani, maana hapa za duka la karibu hazidumu.

Baba yako